Mkia wa Sidai

Nilipokuwa mtoto, kwetu Oldonyo Sambu, mnyama hakutoka bomani hivi hivi. Akiuzwa ng'ombe, akitolewa mbuzi wa mahari, hata punda mzee akibadilishwa kwa mahindi, mwenye boma alimshika mkia kwanza, akang'oa nywele chache kwa mkono wake mwenyewe na kuzichomeka kwenye paa juu ya mlango. Hapo ndipo mnyama alipokuwa ameagwa. Asipofanyiwa hivyo, walisema wakubwa wetu, kiwiliwili chake kitakwenda kwa aliyemnunua lakini yeye atabaki akizungukazunguka, na atamwita mtu mmoja wa nyumba ile mpaka mtu huyo akose raha.

Mimi ndiye niliyeitwa. Sasa nimezeeka, meno yenyewe yanahesabika, na bado jua likielekea saa kumi siwezi kukaa kitako. Nachukua kibuyu, natoka nje, naizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wajukuu zangu hapa Ngaramtoni wananicheka. "Koko ameanza," wanaambiana, maana koko ndivyo tunavyomwita bibi. Nawaacha wacheke.

Aliyeniita hakuwa ng'ombe wala punda. Alikuwa farasi.

Ilikuwa enzi ya Mdachi, na karibu na kwetu walikuwa wameletwa Makaburu wakapewa ardhi. Baba yangu alichunga ng'ombe wa mmoja wao. Siku moja farasi jike wa yule Kaburu alikufa akizaa, na mwenyewe akamwambia baba amtupe mtoto porini, kwa kuwa asingepona. Baba hakumtupa. Alimleta nyumbani amemfunika kwa shuka lake, miguu mirefu inaning'inia, na mama akamuuliza kama sasa tumeanza kula vitu vya namna hiyo.

Aliyemwokoa ni koko, mama yake baba. Punda wetu alikuwa amefiwa na mwanawe siku zile zile, ngozi bado mbichi. Koko aliichukua ile ngozi akamvika farasi mgongoni, akamsukuma chini ya punda. Punda akanusa, akasita, akanusa tena, akamwachia chuchu. Hivyo ndivyo Sidai alivyokua, akinyonya kwa punda, akilala na mbuzi, na akinifuata mimi. Sidai kwa Kimaa, lugha yetu Waarusha, ni mzuri. Alikuwa mwekundu, na kwenye paji la uso alikuwa na baka jeupe mfano wa kijiko.

Kazi yangu ilikuwa kumnywesha. Saa kumi niligonga kibuyu kwa kucha, naye akaja hata akiwa mbali. Nikichelewa, alisimama nje ya ukuta wa miiba akaparua ardhi kwa kwato, paru, paru, mpaka nitoke. Nilimpenda kuliko ndugu zangu, na ndugu zangu walilijua hilo na kunichukia kidogo.

Kisha sotoka ikapita, ikatuachia ng'ombe wasiojaza hata kona ya zizi. Mdachi mmoja mwenye shamba la kahawa chini ya Meru alimwona Sidai kwenye maji, akampenda, akaja na mitamba. Baba hakuwa na la kufikiri. Watoto walikuwa wanataka maziwa.

Nakumbuka koko akitoka mbio jikoni, mikono imejaa unga.

"Ng'oa nywele kwanza," alimwambia baba.

Baba alimtazama Mdachi, ambaye alikuwa ameshapanda mnyama wake na hakutaka kungoja. Naona sasa kwamba aliona haya.

"Mama, huyu si ng'ombe. Wazee wetu hawakufuga farasi. Mila yake inatoka wapi?"

"Amenyonya kwa punda wetu. Ulitaka aote pembe ndiyo umuage?"

"Mama, acha."

Sidai akaongozwa kwa kamba, akageuka mara moja, akaenda. Koko alisimama pale akijifuta unga.

"Haya," akasema. "Atamwita mtu. Tusije tukaulizana."

Mtu wa mjini akinisikia atasema ni mtoto tu aliyenyang'anywa kipenzi chake. Pengine ndivyo. Namwachia elimu yake. Ninalojua ni kwamba haukupita muda nikaanza kusikia ile kwato nje ya ukuta, saa kumi, paru, paru. Natoka, hakuna kitu. Wengine hawakusikia. Miaka ikapita, nikaota maziwa kifuani, na mambo yakazidi badala ya kupungua. Nilikuwa nachunga mbuzi, mara naitwa, nawaacha mbuzi nakwenda, na watu wananikuta mbali nimesimama nikitazama upande wa Arusha. Mbuzi walikula maharage ya jirani mpaka jirani akaja kwa baba na fimbo. Chakula hakikunishuka. Nikikaa, miguu inawasha. Nikisimama, sijui pa kwenda. Mama alianza kusema kwamba msichana wa namna hii nani atamposa, atakaa kwenye nyumba gani?

Mwanamke mmoja wa kwetu aliyekwenda sokoni mpaka Arusha ndiye aliyerudi na habari kwamba amemwona farasi mwekundu mwenye kijiko cheupe usoni, kwenye shamba la kahawa karibu na mto. Sikulala. Asubuhi koko alikuwa ameshajifunga ngozi yake, ana maziwa ya mgando kwenye kibuyu na ugoro wa safari.

"Twende ukamng'oe nywele mwenyewe," aliniambia. "Baba yako ana aibu, mimi sina."

Tukashuka, tukapita Ngaramtoni palipokuwa na soko chini ya miti, tukalala kwa binamu yake, tukaendelea. Koko alikuwa anakwenda kuaga. Mimi nilikuwa nakwenda kuleta. Chini ya vazi langu nilikuwa nimejizungushia kamba kiunoni, kamba ya kumfungia Sidai, na njia nzima nilikuwa nikipanga atakavyopita mlango wa boma na jinsi ndugu zangu watakavyonyamaza.

Mtunza farasi wa shamba lile alikuwa Mmeru wa makamo, jina lake Ndekirwa, na Kimaa alikisema kama sisi. Niliinamisha kichwa kumsalimu, akanigusa utosini, akatuuliza tunatafuta nini. Koko akamweleza yote pale pale getini, punda, ngozi, unga na aibu ya baba. Ndekirwa alisikiliza hadi mwisho, akaangalia kama Mdachi yupo karibu, akatufungulia.

"Lakini mama," alimwambia koko, "huo mkia unaoutaka haupo."

Sikuelewa mpaka nilipomwona. Sidai alikuwa amesimama chini ya mti, mkubwa, anang'aa, na mahali pa mkia palikuwa na kipande kifupi kama mpini wa jembe. Ndekirwa alisema ndivyo Wadachi wanavyopenda farasi wa kuvuta gari, wanamkata akiwa bado kijana. Nzi walikuwa wamemjaa mapajani. Kile kipande kilikuwa kinacheza huku na huku, hakifiki popote.

Koko aliketi chini.

Nikachukua kibuyu chetu nikakigonga kwa kucha. Masikio yake yakasimama. Akaja, si kwa mbio, akitembea kama mtu anayejaribu kukumbuka jina, akaleta pua kifuani kwangu, akashuka mpaka kiunoni ilipokuwa kamba, akapumua pale. Nililia kwa sauti. Nilimwambia Ndekirwa kwamba ni wetu, tunamchukua.

"Huyu hauzwi, mwanangu," alisema, bila ukali. "Mdachi anampenda kuliko mkewe. Uje na ng'ombe wote wa Waarusha, hatakupa."

Kisha akaingia bandani akatoka na usinga, akaanza kumfukuzia Sidai nzi. Nywele za usinga zilikuwa nyekundu, ndefu. Koko ndiye aliyeona kwanza. Akainuka.

"Hizo nywele ni za nani?"

Ndekirwa akacheka kidogo, halafu akaacha. Alisema ni zake mwenyewe Sidai. Mkia ulipokatwa waliutupa, naye aliona ni hasara, akautengeneza. "Mungu alimpa wa kujifukuzia nzi," alisema. "Nikaona nimfukuzie mimi kwa huo huo."

Macho ya koko yaliwaka. Alinishika bega. "Ng'oa," aliniambia. "Umshike yeye kwa mkono mmoja, uvute kwa mkono wa pili. Zitoke kwa mkono wako mbele yake. Zitatosha. Tutachomeka kwenye paa, utalala, utakula, utaposwa kama watu wengine."

Ndekirwa akanipa usinga. Niliushika. Nilimshika Sidai shingoni. Nilikuwa na nywele kati ya vidole, na zilikuwa tayari kutoka, naapa, nilihitaji kuvuta tu.

"Nikivuta, hataniita tena?" nilimuuliza koko.

"Hatakuita tena."

"Kabisa?"

"Si ndicho tulichokuja kutafuta?"

Sikuvuta. Nilianza kumfukuzia nzi, mapajani, tumboni, kwenye macho, huku mkono unauma, na koko ananitazama. Hakuna aliyeniambia niache. Nadhani tulikaa hivyo mpaka kivuli cha mti kikafika kwenye banda. Ndekirwa alipoutaka usinga wake nilimpa, pamoja na ile kamba, nikamwambia ni ya Sidai. Koko aling'oa majani mabichi akayashika juu ya mgongo wa farasi, akamtemea mate ya baraka, akasema maneno tunayosema kwa mtoto wa kiume anayekwenda mbali.

Tukarudi mpaka Ngaramtoni. Pale ndipo alipochota ugoro, akapiga chafya, akasema: "Sasa ukiitwa, usije ukalalamika kwangu."

Sikulalamika. Niliitwa miaka yote iliyofuata, na nikaposwa hata hivyo, na kijana wa hapa Ngaramtoni ambaye alidhani mke anayetembeatembea ni mke mchapakazi. Alipogundua ukweli alikuwa ameshanizoea. Koko akafa. Vita vya Mdachi na Mwingereza vikaja, farasi wa mashamba wakachukuliwa na jeshi, wakapelekwa kusini, na watu wakasema hakuna anayerudi huko, awe mtu au mnyama. Mimi nilikuwa na uhakika wangu. Kila saa kumi, paru, paru, nje ya ukuta.

Kisha jioni moja nilikuwa napukuchua mahindi. Nikaona jua limefika pale pale, nikaweka gunzi chini, nikainuka, nikatega sikio. Kimya. Nikatoka nje ya ukuta, nikasimama hadi giza. Kesho yake kimya, na keshokutwa. Nililia mpaka mume wangu akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia ni nani. Hakucheka, na kwa hilo nilimsamehe mambo mengi.

Koko alisema kweli. Mnyama asiyeagwa alininyima raha, akanifanya mtu wa kuinuka katikati ya chakula na katikati ya maneno, na ningeweza kuyamaliza yote siku ile kwa kuvuta mkono. Nimelifikiria sana, na kila nikilifikiria, vidole vyangu vinaziachia zile nywele vile vile. Ningezing'oa, ningelala usingizi mzuri, na nisingejua alikufa lini.

Wajukuu zangu wanadhani bado naitwa. Siitwi, ni miaka mingi sasa. Jua likifika pale nachukua kibuyu, nakigonga kwa kucha, nangoja kidogo, halafu namwaga maji chini ya ukuta na kurudi ndani.