Lugano Ataja Ugonjwa Wake

Ukiuliza kijijini Masukulu ni fundi gani hodari wa kujenga, utaelekezwa kwa Lugano. Kuta zake hazipasuki, na mvua za Rungwe hazijui huruma kwa kuta. Ndiyo maana mwaka ule mwiko na timazi vilipolala uvunguni miezi mitatu, watu walitafuta sababu wakaikosa. Hakufiwa. Hakugombana na mtu. Mkewe Anyelwisye alikuwa mzima, watoto wanasoma.

Aliyeshangaa kuliko wote ni yeye mwenyewe. Aliamka kabla ya jogoo, mwili mzito kama mfuko wa saruji ulionyeshewa, akakaa ukingoni mwa kitanda mpaka jua likapanda. Chakula hakikuwa na ladha. Majirani wakipita na salamu yao ya asubuhi, "Ugonile?", yaani umelalaje, aliinua mkono tu. Atajibu nini, na usingizi wenyewe hauji?

Dada yake Esnath alisema karogwa. Mafundi wenzake walisema uvivu. Anyelwisye yeye alimtazama tu. Siku moja mkewe akiwa anamenya ndizi, Lugano alimwambia kwa sauti ya chini, "Mama Sunday, naona mngepata nafuu nisingekuwepo."

Kisu kikasimama. "Neno hilo umelibeba tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza."

"Basi hulibebi peke yako tena. Vaa viatu, Baba Sunday, twende kituo cha afya."

Tabibu Farhan, kijana aliyehamishiwa huko kutoka Tanga, hakuwa na haraka. Aliuliza habari za usingizi na hamu ya kula, kisha akauliza waziwazi kama Lugano amewahi kufikiria kujiua. Lugano, ambaye hakulia hata alipomzika baba yake, alijibu ndiyo, na machozi yakamtoka.

"Mzee wangu, huu ni ugonjwa, unaitwa sonona," alisema Farhan. "Haumpati mtu kwa kuwa ni dhaifu. Mara nyingine hata sababu yake haionekani. Lakini unatibika."

Haikuwa safari fupi. Wiki ya pili Lugano alitaka kuzitupa dawa alizopewa na tabibu kwa kuwa hakuona tofauti; Anyelwisye akamsihi amuulize tabibu kwanza, naye akaambiwa zinahitaji muda. Kila baada ya wiki mbili alirudi kituoni kuzungumza. Kisha mchana mmoja akaomba sahani ya pili ya ndizi. Mkewe aligeukia ukutani ili asionekane anavyotabasamu.

Kiangazi kilipofika alikuwa tena kazini, akijenga nyumba huko Ikuti. Fundi mwenzake Amoni akamtania mbele ya wote, "Tulisikia umechanganyikiwa."

Lugano alisawazisha tofali lake kwanza. "Niliugua sonona. Nilikwenda kutibiwa, na dawa bado natumia. Anayetaka kujua pa kwenda, nitampeleka mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Saa ya chakula Amoni alimfuata nyuma ya rundo la mchanga, macho chini. "Kaka, mwezi wa pili huu silali."

"Alhamisi naenda," Lugano akamjibu. "Tutaongozana."

Mpaka leo ameshawasindikiza watu wanne mpaka mlangoni kwa tabibu. Majina yao hayataji. Lake analitaja popote pamoja na ugonjwa wake, kanisani hata kwenye mkutano wa kijiji, na Anyelwisye husikiliza akiwa ameinua kichwa.