Ukurasa Mweusi wa Bi Shemsa

Wasomaji, natubu kwenu, maana kwa Bi Shemsa nshatubu na haikunisaidia kitu.

Mimi ndiye niliyekuwa nikitunza tovuti ya kikundi chetu cha taarabu hapa Mjini. Nikasikia huko Ulaya inataka kupitishwa sheria kali ya hakimiliki, tovuti ifungwe kwa kipande kimoja tu cha wimbo wa mtu, na kwamba wenye tovuti wataipinga kwa kuzigeuza kurasa zao nyeusi siku nzima. Na mimi nimo. Nikaipaka yetu weusi, katikati nikaacha picha ya Bi Shemsa, mwimbaji wetu mkubwa, na chini yake tarehe ya siku ile. Maelezo sikuweka. Nikajiona mjanja, ukimya utasema wenyewe.

Ukasema. Alasiri nikaambiwa njiani kuwa Bi Shemsa amefariki. Nikaenda kwake mbio, nikakuta majamvi yametandikwa na watu wanangoja maiti iletwe kutoka Uroa, alikokwenda kutembea. Nikakaa, nikalia kuliko wanawe.

Mara Bi Shemsa akaingia na kapu lake la pweza.

"Kafa nani kwangu?"

Mwanawe akajibu kwa sauti ndogo, "Wewe, mama. Shangazi kapiga simu kutoka Maskati. Kaiona picha yako kwenye tovuti ya kikundi, imezungukwa na weusi, na tarehe chini."

"Na hiyo tovuti anaitengeneza nani?"

Wote walinigeukia mimi, na kitambaa changu kimerowa chapachapa.