Kofia Iliyotangulia Kurudi kutoka Saadani

Siku niliyoshikishwa sindano kwa mara ya kwanza, uani kwa Bi Hidaya hapa Bagamoyo, waliokuwapo ni hawa. Bi Hidaya mwenyewe, fundi wa kofia, dada wa baba yangu. Kibibi binti Salum, jirani yetu, niliyesoma naye Kurani chuoni kwa Maalim Athumani. Na nje ya ukuta wa makuti, vichwa vitatu vikichungulia: Mbaraka, mtoto wa mjomba wake Kibibi, na Kondo na Shomari, ndugu wa mama mmoja. Hao watatu nao walikuwa wenzetu wa chuo. Tulikaa mkeka mmoja, tukachapwa kwa henzirani moja. Walikuja kunicheka tu.

Nilisoma juzuu tatu nikatolewa, kwa kuwa mama alikuwa mgonjwa na nyumba inataka mikono. Kusoma kwangu kuliishia hapo. Kazi iliyonilea ni kofia.

Enyi mnaonunua kofia dukani zimepangwa kama sahani, hamjui ilivyokuwa. Kofia ya mkono ni vipande viwili, duara la juu na ukanda wa ubavuni, na kila kipande ni bafta mbili, vitambaa vyeupe vya pamba, zilizobandikwa pamoja. Kati ya bafta mbili unapitisha nyuzi nene ili kofia isimame. Kisha unatoboa vitundu kwa mwiba wa mlimau, na kila kitundu unakizungushia uzi pembeni, mshono kwa mshono, kisifumuke. Vitundu ndivyo vinavyofanya maua, na ndivyo vinavyoingiza upepo kichwani. Mwisho unaipaka uwanga wa kuikaza na kuivika kwenye kigogo ikauke. Kofia moja ilinichukua mwezi na zaidi.

Bi Hidaya hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa na ulimi. Alikiinua kitambaa changu juani, akakitazama, akasema, "Mwanahawa, hiki ni kitundu au ni dirisha? Hapa mbu ataingia bila kuinama."

Huko nje ya ukuta wakaangua kicheko.

"Na ninyi," akawageukia, "chekeni. Huyu ndiye atakayewafunika vichwa mkiwa watu wazima. Atawashonea madirisha."

Na ikawa hivyo. Miaka ikapita, Mbaraka akamwoa Kibibi, na wote watatu wakaandikwa askari wa Seyyid, sultani wetu, wakakaa gerezani, maana boma la askari tuliliita gereza. Wakati huo Wadachi, yaani Wajerumani, bado hawajashuka pwani. Jemadari wao, mtu mrefu mwenye ndevu za hina, alikuja mwenyewe kwa Bi Hidaya kuagiza kofia. Nami ndiye niliyepelekwa gerezani kupima vichwa, na Kibibi akinisindikiza, nisiwe mwanamke peke yangu kati ya wanaume. Jemadari alinipa sharti moja: "Ukanda usifike masikioni. Askari wangu akifunikwa masikio, amri yangu atasema hakuisikia." Kondo akanong'ona nyuma yake, "Nishonee mpaka shingoni, Mwanahawa." Nikapima huku nimeuma kanga nisicheke.

Chuo chetu kilikuwa na desturi. Mwenzetu akisafiri safari ya hatari, hushonewa kofia, na kila aliyesoma naye hutoboa kitundu kimoja kwa mkono wake, asijue sindano wala nini, ili huyo msafiri awe na mikono ya wenziwe kichwani. Askari walipoagizwa kwenda upande wa Saadani kulinda njia ya misafara, niliwashonea watatu wote. Kitundu cha Kibibi katika kofia ya Mbaraka kilipinda kama jicho la mtu anayekonyeza. Nilitaka kukifumua nikitengeneze. Mbaraka akakataa. "Kiache. Nikikiona nitajua mke wangu ananitazama."

Wakaenda. Zikaja habari za mapigano, watu wanasema hivi, watu wanasema vile. Kibibi akawa haondoki uani kwetu.

Ndipo akaja Mzee Mbwana, muuza ng'onda wa Saadani, na kapu lake la samaki wakavu kichwani. Hakupiga kelele za biashara kama kawaida yake. Alitua kapu, akapokea shikamoo zetu, akatoa kofia kifuani.

"Nimepita penye kaburi jipya," alisema, "njiani, upande wa huku wa mto Wami. Wanakijiji wakaniambia amezikwa askari wa Seyyid. Kofia ilikuwa imetundikwa kwenye kijiti upande wa kichwa. Nikaona, hii ni kazi ya Bagamoyo. Nikasema niirudishe, wenyewe wamjue mtu wao."

Bi Hidaya aliitazama kazi akaijua ni yangu, nami nikaijua. Lakini ilikuwa moja kati ya tatu, na hakuna aliyethubutu kutaja jina. Kibibi akaichukua, akaizungusha polepole, kidole kikasimama kwenye kile kitundu kilichopinda. Hakulia. Alisema tu, "Nileteeni nguo nyeupe." Akaingia ndani kukaa eda.

Mkiniuliza siku gani ngumu katika kazi yangu yote, ni hiyo. Kofia niliyoshona ili imlinde mtu ndiyo iliyoleta habari ya kifo chake.

Matanga yakawekwa. Siku ya tatu ikawa siku ya hitima, kumsomea marehemu. Maalim Athumani akawaita wote waliosoma na Mbaraka, akawagawia juzuu. Wanaume barazani, wanawake ndani. Nami nikapewa juzuu yangu, moja ya zile tatu, naisoma kwa moyo. Uani masufuria ya wali yako motoni, na Bi Hidaya ndiye anayesimamia.

Akaingia mtu kwa mlango wa uani, kichwa wazi, miguu imejaa tope. Nyuma yake Kondo na Shomari wamebeba bunduki.

"Hodi," akasema. "Shikamoo, Bi Hidaya. Mbona viatu vingi mlangoni? Nani amekufa?"

Bi Hidaya alikuwa na mwiko mkononi. Akamwelekezea nao. "Wewe."

"Mimi?"

"Wewe, Mbaraka. Tunakusomea hitima. Wali huu ni wako."

Kondo akasema, "Basi atapakuliwa wa kwanza." Shomari akamkanyaga mguu.

Kelele zikafika ndani. Kibibi akasimama nyuma ya pazia, akapaza sauti: "Msimwamini. Muulizeni nilimwambia nini kuhusu kile kitundu."

"Hukuniambia kitu," Mbaraka akajibu. "Mimi ndiye niliyemwambia Mwanahawa asikifumue."

Hapo ndipo alipolia, na sisi sote pamoja naye, kisha tukacheka, kisha tukalia tena. Maalim akatoka barazani na msahafu kifuani, akauliza kofia ilifikaje kaburini.

Mbaraka akaeleza. Walimzika kijana aliyetoka kikosi kingine. Hakuwa na ndugu pale, wala kanzu iliyobaki nzima. Wenziwe walijua jina tu: Sefu, kwao Lugoba. Mbaraka aliona vibaya kumwacha mtu porini bila alama ya kuwa hapa amelala mwanamume Mwislamu. Akavua kofia akaitundika.

"Kofia niliyoitoboa mimi!" Kibibi akasema kutoka pazia. "Ukaitundika porini!"

"Nilimwazima mikono yenu," Mbaraka akamjibu. "Yeye hakuwa na wa kwake."

Mmoja wa barazani akauliza kama sasa tule twende zetu. Maalim akasema, "Msahafu haufungwi kati kwa sababu maiti amerudi na njaa. Yupo mwenye haja. Geuzeni nia." Tukazimalizia zile juzuu kwa Sefu, na Mbaraka akaketi akasoma ya kwake. Kofia ikarudishwa na hao watatu mpaka kwenye kijiti chake. Mbaraka nilimshonea nyingine, na Kibibi akatoboa kitundu, kikapinda vilevile.

Nimeshona mpaka macho yalipokataa uzi, nikafundisha wasichana wa mitaa yetu, nao nimewaambia habari ya mbu na dirisha. Sasa nakaa, mikono imepumzika, na moyo nao. Wenzangu watatu wale wa mkeka mmoja walizeeka, wakafa vitandani mwao, kila mmoja amezungukwa na wajukuu. Nikikumbuka sauti ile uani, "Nani amekufa?", mpaka leo kifua hunifunguka.

Kila hitima ya mtu wa chuo chetu, Sefu hutajwa naye kama mmoja wetu. Lakini ndipo penye tatizo. Majina ya wote waliokaa mkekani ninayo, na ya baba zao. La baba yake Sefu sina. Kwa habari walizookota baadaye, Mbaraka alishikilia ni Sefu wa Mwinjuma, Kondo akishikilia ni Sefu wa Mwinyimkuu, nami huyasoma yote mawili. Wewe unayesoma, kama wazee wako ni wa Lugoba, na yuko kijana wao aliyekwenda uaskari wa Seyyid asirudi, waulize. Nikiwa nimekosea, nisahihishe ningali hai, nimtaje kama mama yake alivyomtaja.