Gari Lililopimwa kwa Keki

Wifi yangu huoka keki za harusi, na mimi keki sizipendi. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nampamba kwa sababu ananilisha. Mke wa kaka yangu ni mkaidi, mdomo anao, na mimi pia ninao, kwa hiyo tukikaa jiko moja majirani hufunga madirisha. Lakini lile jambo la gari nitalisimulia kama lilivyokuwa, maana hata leo nikilikumbuka nashusha pumzi.

Mtaa mzima humwita kaka yangu Dereva. Aliendesha lori tangu ndevu zikiwa bado hazijamwota sawasawa mpaka zikaanza kuwa nyeupe, na lori hilohilo ndilo lililomla mgongo. Walimpasua. Upasuaji ulikwenda vizuri, daktari mwenyewe alifurahi, akasema mgonjwa atembee, ajinyooshe, hata akitaka kuendesha aendeshe, ila asikalie kitu kinachomtikisa. Wifi akamrudisha nyumbani kwa gari la kukodi. Njia ilikuwa mashimo na matuta, na kaka yangu, mwanamume ambaye sikumwona akilia hata siku tuliyomzika mama, alishuka pale getini machozi yanamtoka. Tangu siku hiyo geti hakulivuka. Ukimgusia habari ya kutoka anakukata palepale: "Sitaki kubebwa kama gunia."

Na wakati huo binti yao, anayeniita shangazi, alikuwa amejifungua kwenye mji mwingine, ng'ambo ya milima. Mtoto alikuja kabla ya siku zake, kifua chake kikawa dhaifu, madaktari wakakataza asisafirishwe mpaka apate nguvu. Basi babu akawa anamwona mjukuu kwenye simu. Mjukuu akajifunza kucheka, akaota meno, na babu yuko palepale kwenye kiti chake cha mbao sebuleni, kidole kinapapasa kioo cha simu. Siku moja akasema, polepole, wala hakuwa akimwambia mtu, "Huyu atanijua kama picha tu."

Wifi alikuwa anakoroga unga. Aliacha kukoroga.

"Nanunua gari," akaniambia kesho yake.

"Gari gani?"

"La kukalika."

Nikafikiri anasema gari la kawaida, la kwenda na kurudi. Kumbe mwenzangu kakodolea macho yale magari madogo ya kifahari, yale wanayopanda wakubwa. Si ya wakubwa wa juu kabisa, hapana. Ya ngazi ya kwanza, ile ambayo mtu wa kawaida akijinyima sana anaweza kuigusa kwa ncha ya kidole. Na alikuwa amejinyima kweli. Miaka yote alikuwa anaweka akiba afungue duka lake mwenyewe, lenye kioo kikubwa mbele cha kuonyeshea keki.

Nikawaka. "Wifi, una akili timamu wewe? Watu watasema Dereva yuko hoi ndani, mkewe nje anatanua!"

"Waseme. Mdomo wa mtu haunitilii mafuta."

"Na duka?"

"Keki huliwa hata bila kioo. Wewe unakuja au huji?"

Nikaenda. Nilikwenda kwa hasira, nikijiambia kwamba lazima mtu mmoja wa ukoo wetu awepo kushuhudia upuuzi huu.

Sasa lazima nieleze utaratibu wake wa kazi, vinginevyo hutaelewa. Wifi hapeleki keki ya harusi mahali asipopajua. Kwanza anaoka ndogo, laini kuliko ya harusi yenyewe, anaiita keki ya kutangulia. Anaipitisha njia ileile, kwa chombo kilekile, akifika anaifunua na kuikagua kama mkunga anavyokagua kichanga. Ikiwa imepasuka, anabadili njia. Ikiwa imelala upande, anabadili gari. Anasema barabara haijui kudanganya mbele ya krimu. Kwa hiyo siku ya kwenda kwenye yadi ya magari alibeba keki tatu, kila moja na ua la sukari juu, tena maua yenye petali nyembamba kama ganda la kitunguu. Kaka alikataa kuja, ndiyo maana zikaenda keki.

Muuzaji alikuwa baba mmoja wa makamo, tai imembana shingo. Alipomwona wifi anaifunga keki mkanda kwenye kiti cha mbele cha abiria, akakohoa kidogo.

"Mama, samahani, hiyo keki ni ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Ahaa, ana sherehe?"

"Ana mgongo."

Yule baba akanitazama mimi nimsaidie. Nikageuza uso. Tukapanda, mimi na yeye nyuma, wifi kwenye usukani. Leseni anayo, kaka mwenyewe ndiye aliyemfundisha, na anaendesha kama anavyoongea, bila kuomba ruhusa.

Gari la kwanza lilikuwa jekundu, linang'aa mpaka unaona meno yako. Viti vyake vilikukumbatia mbavu. Muuzaji akaimba sifa: linavyokwenda kasi, linavyoshika kona. Nakiri hata mimi nililipenda, nikajiona mtu. Tukafika kwenye tuta la kwanza, puu! La pili, puu! Kila kijiwe cha barabarani nilikihisi mpaka kwenye magego. Wifi akasimama pembeni, akafunua. Keki ilikuwa imepasuka katikati, ua limekuwa unga.

"Uzuri wa mkakasi," nikasema.

"Mama, magari ya namna hii yanataka ugumu kidogo, ndiyo raha yake," akajitetea muuzaji.

"Mpe mke wako hiyo raha," wifi akamjibu, akamkabidhi na ile keki iliyopasuka.

La pili lilikuwa refu, jeupe, mbele lina kioo kipana cha kugusa kama televisheni ya sebuleni. Ukitaka baridi, unagusa. Ukitaka wimbo, unagusa. Hili ndilo lililouzwa kwa maneno mengi zaidi, na kweli, tulipofika kwenye matuta hatukusikia puu hata moja. Lakini jamani! Lilipita tuta, likaendelea kunesa, likanesa tena, kona ikija linalala upande huu kisha linalala upande ule. Nilishika mlango, nikamwomba Mungu chai yangu ibaki ilikokuwa. Wifi alipofunua, keki ilikuwa nzima, ila krimu yote imehamia kushoto na ua limeteremkia kwenye sahani.

"Hili litamtapisha kabla halijamuumiza," akasema.

Hapo uvumilivu ukaniisha. "Wifi, mchagua nazi hupata koroma! Chukua la kwanza umwekee mto, twende zetu."

 Yeye alikuwa anatazama kwenye kona ya yadi, lilikokuwa limesimama gari la kijivu, la kijivu hasa, halikuvuti hata ujitahidi. Muuzaji alikuwa hajalitaja. Lilikuwa la daraja lilelile la kifahari kama wenzake, ila limewahi kutumika kidogo, saa yake ina mishale, na vitufe vyake ni vya kubonyeza.

"Hilo, mama, wazee ndio hulipenda," akasema, kama anayeomba radhi.

"Na mimi nina mzee."

Tukaenda njia ileile. Nilikuwa nimejiandaa kwa tuta la kwanza, nimekaza shingo, nikangoja, nikangoja, kumbe tulishalipita. La pili nililiona kwa macho, kwa mwili sikulijua. Ndani kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia tumbo la muuzaji likinguruma. Wifi akarudia njia nzima mara nyingine, safari hii akiyatafuta mashimo kwa makusudi kama mtu mwenye ugomvi nayo. Kisha akasimama, akafunua.

Ua lilikuwa limekaa pale alipoliweka. Petali zote.

 Wifi aliegemeza paji la uso kwenye usukani, mabega yakashuka, na nikagundua kwamba mwanamke huyu alikuwa ameyabeba juu mabega yale kwa muda mrefu sana. Nami hasira yangu yote sijui ilikwenda wapi.

Siku alipolileta nyumbani, kaka alisikia injini kutoka sebuleni. Dereva ni dereva, hawezi kusikia injini ngeni akatulia. Akajikongoja na fimbo yake mpaka nje, akainamisha sikio.

"Linapumua vizuri," akasema.

"Njoo ukae, mume wangu," wifi akamwambia, anamfungulia mlango wa abiria, uso unamwaka kwa furaha. "Hapa ndipo ilipokaa keki."

Kaka akageuka, akashika paa, akaanza kujishusha. Akashuka, akashuka, na kiti bado kiko chini. Magoti yakakataa. Nikaona uso wake unabadilika rangi, na kabla sijamfikia alikuwa amejivuta tena wima, anahema.

"Ni chini," akasema. "Siwezi."

Tukasimama pale. Mimi nikisikia kimya siwezi kukiacha. "Keki haina magoti," nikasema.

Sikuwa nafanya mzaha, ndio ukweli ulivyonitoka. Wifi akakaa kwenye kizingiti cha nyumba, akajifunika uso kwa aproni, akalia kwa sauti, yeye ambaye hajawahi kunipa furaha ya kumwona akishindwa. "Nimepima kila kitu," anasema kwenye aproni, "nimepima mashimo, nimepima kona, yeye nimemsahau. Duka langu limekwenda, na mtoto hatamwona." Nikakaa kando yake nikamshika. Niliumia, sitaki kudanganya. Niliona kiti cha mbao sebuleni kinamngoja kaka yangu mpaka siku yake ya mwisho.

Kaka hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amelizunguka gari. Alilizunguka polepole, kama alivyokuwa akilizunguka lori lake kabla ya safari, akigonga kila tairi kwa ncha ya kiatu. Akafika upande wa pili, akafungua mlango wa dereva. Mkono wake ukateremka ubavuni mwa kiti, ukapapasa, ukakuta kitufe.

Kiti kikaanza kupanda. Kilipanda taratibu, kwa mlio mdogo wa nyuki, kikapanda mpaka kikawa sawa na kile cha mbao cha sebuleni. Cha abiria hakikuwa na kitufe hicho. Katika magari ya ngazi ya kwanza, anayefikiriwa kwanza ni anayeendesha.

Akakaa ukingoni. Akaingiza mguu mmoja, akaupumzisha, akaingiza wa pili. Akabonyeza, kikamshusha pole kama mama anayelaza mtoto. Mikono ikashika usukani yenyewe.

"Kaka, unaumia?" nikauliza.

"Nyamaza kwanza."

 Wifi alikuwa ameshusha aproni, pua nyekundu.

"Hapa siumii," akasema kaka. Kisha akamtazama mkewe. "Daktari alisemaje, mama?"

"Alisema..." wifi akainuka kwenye kizingiti. "Alisema ukitaka kuendesha, uendeshe."

Alisema mbele yetu sote, na wote tulisikia, na hakuna hata mmoja aliyelipokea neno lile. Tulikuwa tumeshaamua kwamba huyu ni wa kubebwa.

"Muda wote huu mnanitafutia pa kukaa kama keki," akasema Dereva. "Mimi nimebebwa lini? Lete funguo."

Kwanza alizunguka mtaa, taratibu, mimi nyuma nikisali. Kwenye tuta nilifumba macho. Nilipofumbua aliniona kwenye kioo, akacheka, kicheko kilekile cha zamani. Nikaanza kulia kama mjinga. Akawa anatoka kila asubuhi, mwendo mfupi, kisha mrefu kidogo, mpaka akasema sasa milima tunaiweza.

Tulikwenda siku ya mapumziko. Wifi alikaa kwenye kiti cha abiria, keki mapajani, ya ghorofa mbili, safari hii ya kuliwa. Kila baada ya mashimo kaka aliuliza, "Keki?" na wifi anajibu, "Ipo," na mimi nyuma nasema, "Na mimi nipo, kama kuna anayejali." Palipo na kivuli tulisimama, anajinyoosha, tunaendelea.

Tulipofika, binti yao alikuwa ameshatusikia, akatoka mbio na mtoto kiunoni. Akakimbilia moja kwa moja mlango wa abiria amsaidie baba yake kushuka. Akaufungua kwa nguvu, akakuta mama na keki.

Rangi ikamtoka. "Baba yuko wapi? Mama, baba mmemwacha wapi?"

Upande wa pili, kiti kilikuwa kinapanda kwa ule mlio wake wa nyuki. Mguu mmoja ukatoka, kisha wa pili, kisha kaka yangu akasimama wima, mkono juu ya paa la gari.

"Dereva yuko huku," akasema.

Binti akazunguka gari huku analia na kucheka, akamnyooshea tu mtoto. Mtoto akamkazia macho babu yake, macho makubwa ya kushangaa, kama anayemfananisha na mtu. Halafu akapeleka mkono kwenye zile ndevu nyeupe, akazikamata, akavuta kwa nguvu zake zote.

"Vuta tu, babu," akasema kaka yangu. "Ni za kweli."