Bwana Maktaba wa Gazetini

Mama Vifungo, fundi cherehani, alifunga kibanda chake asubuhi, akaenda gazetini kumtafuta Bwana Maktaba. Wiki hiyo wazazi watatu walikuwa wamemnyang'anya vitambaa vya sare za shule walivyompa ashone, bila hata kumtazama usoni, na sababu aliijua.

Kwenye picha ya gazeti la wiki hiyo alikuwemo yeye, siku alipovuka mpaka miaka kumi na tisa iliyopita, godoro kichwani. Juu yake: WAGENI WAMIMINIKA. Chini, kwa herufi za kutafutiwa miwani: Picha na Maktaba.

Dada wa mapokezi alijikaza asicheke, akashindwa. "Mama, Maktaba si mtu. Ni kule tunakoweka picha za zamani."

"Basi niitie anayezitoa huko."

Akapelekwa kwa mhariri, bwana mmoja mpole, mwenye maneno matamu. Lakini Mama Vifungo hakuja kubembelezwa. Alimtandazia mezani magazeti manne aliyokuwa ameyatunza.

"Kipindupindu kilipoingia, mliniweka mimi. Wizi ulipozidi, mimi. Kazi zilipoadimika, mimi tena. Sasa uchaguzi unakaribia, eti namiminika. Kwani mimi maji?"

Hasira ilimpanda kwelikweli. Watu hawa hofu wanaibadilisha kama mapazia, ila sura ya kuitundikia ni ileile, yake. Godoro lenyewe lilishaoza zamani.

Mhariri alieleza kwamba picha ni ya kielelezo tu, haina ubaya. Kisha akapata wazo: wamwandike upya, mkimbizi aliyefanikiwa. Akashika kalamu. "Kwani mama, unatoka wapi hasa?"

"Natoka kazini. Na hiyo suruali uliyovaa, upindo nimeushona mimi. Mkeo aliileta Jumanne."

Mhariri akatazama miguu yake, kalamu ikasimama.

"Habari yenu siitaki," Mama Vifungo akasema. "Nataka picha ile ifutwe, nikiona kwa macho yangu."

"Sawa, mama, lakini kuna taratibu. Itachukua muda."

Mama Vifungo akavuta kiti, akaketi. Akatoa mkobani sketi ya shule ya mtoto ambaye mzazi wake hakuwa amekata shauri bado kama naye aichukue, akatunga uzi kwenye sindano, akaanza kushona palepale, mbele ya meza ya mhariri.

"Nchini hapa nimekaa miaka kumi na tisa, mwanangu," akasema bila kuinua macho. "Nitasubiri."