Ndama Anayebweka

Baba anaamini mnyama asiyetoa maziwa wala nyama hastahili sindano. Kwetu Nyakahura ng'ombe wote kumi na wawili wana daftari lao: nani kapewa dawa ya minyoo, nani kachanjwa, lini wamenyunyiziwa dawa ya kupe. Mwandiko wa Baba unafanana na nyayo za kuku, kwa hiyo mwandishi wa daftari ni mimi. Hapo ndipo alipojikwaa.

Mbwa wetu wa kwanza alikufa kwa kupe. Bwana mifugo alikuwepo zizini siku alipoanza kuumwa. Nikamwomba Baba amwambie amtazame na mbwa.

"Nitoe hela kwa ajili ya mbwa? Akifa tutaomba mwingine, wanagawa bure."

Akafa Jumapili. Nilimzika peke yangu, nikaapa kwamba wa pili hatakufa kijinga vile.

Huyo wa pili alikuja mdogo, akakua bila adabu. Ana kichwa kama ndoo. Wageni wetu hupiga hodi wakiwa barabarani. Kula si tatizo, anakula ugali kama sisi. Tatizo ni kwamba dawa hupimwa kwa kilo. Nilimtia kwenye gunia, kichwa nje, jirani akanisaidia kumning'iniza kwenye mizani ya mahindi. Kilo arobaini na mbili.

"Unauza?" jirani akauliza.

Bwana mifugo alipokuja tena nikamvuta pembeni.

"Shikamoo. Leo kuna mmoja wa ziada."

"Marahaba. Yuko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Huyu? Nani analipa?"

"Daftari."

Akamtazama mbwa, akanitazama mimi. "Mdogo wangu, mimi namtibu mbwa kwa dawa ya mbwa. Unachoandika wewe ni cha kwenu."

Nikaandika: Wa kumi na tatu, ndama dume, kahawia.

Mwaka mzima akatibiwa. Minyoo, kupe, hata chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo niliandika "chanjo" tu, maana mimi si mjinga. Baba huamini daftari kuliko macho yake, kwa hiyo alilipa, akilalamika kidogo kwamba huyo ndama ana minyoo sana.

Mwezi uliopita akaja mnunuzi wa mifugo. Baba akafungua daftari, akapitisha kidole mpaka chini.

"Huyu wa kumi na tatu ametunzwa kuliko wote. Hebu mlete."

Nikamleta, kwa kamba.

Mnunuzi alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi. "Mzee, pembe zitaota lini?"

Baba alisubiri aondoke.

"Futa huo mstari."

"Sifuti."

Nilikuwa sijawahi kumjibu hivyo. Mama akaacha kupepeta mchele.

"Nimelipia mbwa mwaka mzima?"

"Umelipa, Baba, na yuko hai. Yule wa kwanza hukumlipia, yuko wapi?"

"Na huyu utamtibu mpaka lini?"

Swali hilo nilikuwa nalisubiri. Nikamfungulia ukurasa wa nyuma. Nimemkadiria miaka kumi. Kila mwaka chanjo, minyoo, kupe. Miaka ya mwisho nimeongeza, maana mzee yeyote huumwa magoti. Kuna na fungu la ajali, kwa sababu anakimbiza pikipiki na siku moja ataikamata.

Baba akasoma taratibu. "Miaka kumi! Hata wewe sijakuwekea bajeti ya miaka kumi."

"Ndiyo maana nimeanza na mbwa."

Mama akakohoa. Si kikohozi cha vumbi kile.

Baba akaukata mstari wa ndama kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika. "Ng'ombe wangu hawamlipii mbwa. Basi."

Sawa. Jioni ileile nikachukua daftari langu la jiografia, nikaandika kwa herufi kubwa: MBWA. Mlipaji: mimi. Nina mbuzi jike mmoja niliyepewa na mjomba. Mtoto wake wa kwanza ni chanjo na minyoo, wa pili ni kupe, wa tatu ni ajali. Mbuzi mwenyewe hana mimba bado, lakini hata serikali hupanga kwa hela ambazo hazijafika.

Baba ameuona ukurasa huo. Amesema nikikwama nisimfuate. Sitamfuata. Bwana mifugo anakuja Alhamisi, nitamwomba anidai mpaka mbuzi azae, na safari hii sitamvuta mtu pembeni. Mbwa nitamfunga pale mlangoni mwa zizi, ili atibiwe kabla ya ng'ombe yeyote, Baba akiwa anatazama.