Mkia Usio na Breki

Hebu mwone anavyoingia kiwanda cha matofali: fundi wa kuchomelea, kofia mkononi, anatembea akiambaa ukuta kama anayekwepa kivuli chake. Mtaani wanamwita Fundi Kipimo, kwa sababu hakati chuma kabla hajakipima mara tatu.

Tela la kiwanda kalitengeneza yeye. Dada yake, dereva wa pikapu ya hapo, alilizunguka likiwa bado linanuka rangi, akauliza breki zake ziko wapi. Fundi akacheka.

"Dada, breki ni za gari. Hili ni mkia tu. Umeona wapi mkia ukashika breki?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Dada mtu akalifunga nyuma ya pikapu. Aliyesema ni mdogo wake, tena fundi.

Tela tupu halikuwa na neno. Siku lilipojazwa matofali, kwenye mteremko wa shule, dada alikanyaga breki, gari likatii, tela likakataa. Lilimsukuma, likajikunja ubavuni, akaishia mtaroni na mkono umevunjika. Watu wakasema ndiyo hayo, usukani kumpa mwanamke. Msimamizi akaanza kutafuta dereva mwingine. Na Fundi Kipimo, aliyejua fika kosa ni la nani, kila alipoulizwa alijibu kwamba mteremko ule ni mkali jamani.

Wiki sita hizo. Kila jioni alimpelekea dada matunda, naye alipokea, akashukuru, asiulize kitu. Bora angemtukana.

Leo dada kaja kuchukua vitu vyake. Wapakiaji wameacha kazi, wanatega masikio. Fundi kasimama mbele ya msimamizi.

"Bosi, dada yangu hakukosea. Mimi ndiye niliyempa tela bila breki, na aliponiuliza nikamcheka mbele za watu."

Akaeleza kwamba sasa amelifunga breki zake lenyewe, na jana kalishusha mteremko uleule likiwa limejaa. Msimamizi akakuna kidevu, akaweka funguo za pikapu juu ya rundo la matofali, akamwambia dada basi mwenye kazi aamue.

Dada akamtazama mdogo wake mpaka fundi akainamisha macho.

"Plasta ya mkono wameitoa juzi," akasema polepole. "Wewe ulikuwa unangoja nini?"

Akalizunguka tela kama siku ile, akachuchumaa kwenye gurudumu, akachungulia. Hakuna aliyecheka.

Funguo bado ziko pale. Ungekuwa wewe, msomaji wangu, ungezichukua?